Kupiga kura Marekani ukiwa huna hela au ukiwa Mweusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila msimu wa uchaguzi, mengi yanatoka kwa ndugu zetu walioko kule na mengine kwa watu wa nyumbani wanaoangalia kwenye TV foleni zinazunguka jengo zima wanashangaa. Kitu kimoja mapema: kule kila jimbo lina sheria zake za uchaguzi na zinabadilika badilika, kwa hiyo tarehe na masharti ya kwako cheki vote.gov au ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, usinishike mimi shati.

Hivi si kila raia wa miaka 18 anaruhusiwa kupiga kura? Shida iko wapi sasa?

Kwenye karatasi ndio. Marekebisho ya 15 ya katiba, 1870, yalisema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi, ya 19 mwaka 1920 wakaingia wanawake, ya 26 mwaka 1971 umri ukashuka hadi 18. Leo hamna sheria inayosema maskini asipige kura au Mweusi asipige kura, utaitafuta hutaiona. Kilichopo ni kwamba kupiga kura kumewekewa vigharama vidogo vidogo, nauli, karatasi fulani, nusu siku ya kazi, anwani ya kudumu, kujua tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, na kila kimoja ukikiangalia peke yake unasema ah, hiki nacho ni kitu? Ila mtu wa shifti mbili asiye na gari anavikuta vyote kwa mpigo. Hamna anayemfukuza mlangoni, anachokea njiani. Na kwa historia ya ile nchi, wenye kipato cha chini, wasio na gari, wanaopanga na kuhama hama, waliopitia jela, kwa sehemu kubwa ndo haohao Weusi, Walatino na wenyeji wa asili, kwa hiyo sheria haina haja ya kutaja rangi ya mtu.

Zamani ilikuwaje?

Zamani hawakujificha sana. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi liliandika katiba mpya, ndani yake wakaweka kodi ya kura, yani unalipa ndo upige, na mtihani wa kusoma. Ule mtihani ulikuwa hivi: karani anachagua kipengele chochote cha katiba ya jimbo, wewe unakisoma au unakieleza maana yake, na karani huyohuyo ndo anaamua umeeleza vizuri au umefeli, hamna majibu yaliyoandikwa mahali, hamna wa kumkatia rufaa pale dirishani. Mzungu anapewa kamstari kepesi, mwalimu Mweusi anapewa kipengele ambacho hata wakili angekikunia kichwa. Louisiana nao 1898 wakasema kama baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867 basi wewe mtihani haukuhusu, na ukipiga hesabu 1867 babu wa Mweusi wa Louisiana alikuwa wapi, alikuwa ndo kwanza ametoka utumwani. Hiyo ya babu Mahakama ya Juu iliifuta 1915.

Kodi ya kura ndo iliyodumu. Alabama walikuwa wanachaji dola 1.50 kwa mwaka na kama hujalipa linarundikana deni, linaweza kufika dola 36, hela ambayo mkulima wa shamba la kukodi aliyekuwa anaishi kwa mkopo wa duka hawezi kuiona mkononi. Na hapa watu wanasahau kitu, wazungu maskini nao walizolewa humohumo, waliotunga zile sheria walikuwa wanajua na wala hawakulia. Marekebisho ya 24, mwaka 1964, yalifuta hiyo kodi kwenye uchaguzi wa kitaifa, 1966 mahakama ikaifuta na kwenye chaguzi za majimbo kupitia kesi ya Harper kule Virginia, na kiasi kilichokuwa kinabishaniwa ni hichohicho, dola moja na nusu.

Na ile sheria ya 1965 si ndo ilimaliza mambo?

Ilimaliza mengi sana, tusiibeze. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walianza kuandamana kutoka Selma, Alabama, wakapigwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus mbele ya kamera, John Lewis akapasuliwa fuvu, baadaye alikuja kuwa mbunge miaka mingi. Agosti 6 mwaka huohuo Rais Johnson akasaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mississippi kabla ya sheria Weusi walioandikishwa walikuwa kama asilimia 6.7 tu, miaka miwili baadaye karibu asilimia 60. Miaka miwili!

Siri yake ilikuwa kwamba majimbo na kaunti zenye historia mbaya zilitakiwa kuomba ruhusa serikali kuu KABLA ya kubadilisha chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo kutoka shule hii kwenda kanisa lile. Ni kama kugeuza mzigo wa nani athibitishe, sio mpiga kura tena anayehangaika mahakamani miaka mitano wakati uchaguzi umeshapita, ni jimbo lithibitishe kwanza kwamba halimuumizi mtu. Sasa Juni 25, 2013, kwenye kesi ya Shelby County, Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 ikafuta fomula iliyokuwa inataja ni majimbo gani yanahusika, na bila fomula lile sharti la kuomba ruhusa likabaki jina. Hoja yao ilikuwa nchi imebadilika. Jaji Ginsburg aliyepinga alisema hiyo ni sawa na kutupa mwavuli mvua inanyesha kwa sababu eti hujalowa.

Siku hiyohiyo, saa chache tu, Texas wakatangaza sheria yao ya vitambulisho inaanza kutumika. North Carolina ndani ya wiki kadhaa wakapitisha lisheria likubwa, na 2016 mahakama ya rufaa ikaja kulifuta ikisema lililenga Weusi kwa usahihi karibu wa daktari wa upasuaji, kwa sababu wabunge waliomba data ya nani anatumia nini kwa rangi, alafu wakakata njia zilezile za kupigia kura ambazo Weusi wanazitumia zaidi.

Kitambulisho tu ndo mnalalamika? Mbona kwetu bila kitambulisho hupigi kura?

Hili ndo swali nambari moja kwa watu wetu na ni swali la haki kabisa. Mkenya bila kitambulisho cha taifa au pasipoti hata kujiandikisha haendi popote. Tofauti ni kwamba Marekani HAINA kitambulisho cha taifa. Hamna. Watu wanatumia leseni ya udereva, na asiyeendesha gari lazima akaombe kitambulisho cha jimbo, na huyo asiyeendesha gari mara nyingi ni mzee, mwanafunzi au maskini wa mjini. Utafiti wa Brennan Center, kituo kinachotetea haki za kupiga kura, wa 2006 ulikadiria raia kama asilimia 11 hawakuwa na kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho hakijaisha muda.

"Si kinatolewa bure?" Ndio, majimbo yenye sheria kali yanatoa kitambulisho cha kura bure, ila ili ukipate unatakiwa cheti cha kuzaliwa, na cheti kinalipiwa, dola 10 mpaka 30 hivi kutegemea jimbo. Na ili upate nakala ya cheti kuna majimbo yanataka uonyeshe... kitambulisho. Umeona hapo. Alafu kuna wazee Weusi waliozaliwa kusini enzi za ubaguzi, walizalishwa nyumbani na mkunga kwa sababu hospitali haikuwapokea, cheti hakikuwahi kuandikwa au kiliandikwa jina limekosewa, na bibi mwenyewe kaolewa mara mbili kwa hiyo anatakiwa na vyeti vya ndoa vyote vionyeshe jina lilivyobadilika. Mtu ana miaka 80, amepiga kura toka enzi za Johnson, anaambiwa akatafute karatasi ya miaka ya 1940.

Ofisi yenyewe nayo iko wapi? Alabama 2015, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kudai kitambulisho, walitangaza kufunga ofisi 31 za leseni sababu ya bajeti, na nyingi za kaunti zenye Weusi wengi zikawa humo. Kelele zikapigwa, wakasema basi zitafunguliwa siku moja kwa mwezi, baadaye serikali kuu ikaingilia wakaongeza masaa. Siku moja kwa mwezi, na ukiikosa unasubiri mwezi mwingine.

Na angalia pia wanachokubali. Sheria ya Texas ya 2011 ilikubali leseni ya kubeba bastola ila kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha serikali ya jimbo hilohilo wakakataa. Mimi hapo ndo nilipoacha kuamini kwamba ilikuwa habari ya usalama tu. (Siku hizi Texas, baada ya kesi, asiye na kitambulisho anaweza kujaza fomu ya kueleza kikwazo chake na kuonyesha kitu kama bili au barua ya benki, watu wengi hawalijui hili.)

Lakini sheria za vitambulisho si zinazuia wizi wa kura?

Kitambulisho kinazuia aina moja tu ya wizi, mtu kwenda kituoni kujifanya mtu mwingine. Profesa Justin Levitt alizihesabu kesi za hivo kuanzia 2000 hadi 2014 akapata tuhuma 31 zenye mashiko kwenye kura zaidi ya bilioni moja.

Ila tuwe wakweli pande zote. Utafiti mkubwa wa Cantoni na Pons uliotoka 2021, waliangalia data ya 2008 hadi 2018, haukuona sheria kali za vitambulisho zikishusha idadi ya wapiga kura kwa kiasi kinachoonekana, wala kwa Weusi peke yao. Inawezekana sababu ni vyama na makanisa vinahangaika kuwasaidia watu wapate vitambulisho, yani gharama imelipwa ila na mwingine. Kwa mtazamo wangu kitambulisho kinapata kelele nyingi kuliko uzito wake, foleni na habari za jela zinaumiza watu wengi zaidi na hazizungumzwi nusu yake.

Nasikia sasa wanataka mpaka uonyeshe pasipoti kujiandikisha?

Kuna mapendekezo ya hivo Kongresi na kwenye majimbo kadhaa, fuatilia la kwako. Kansas walishajaribu: kuanzia 2013 ukitaka kujiandikisha lete ushahidi wa uraia, matokeo yake watu zaidi ya 31,000 walizuiwa, na 2018 jaji wa serikali kuu akaifuta baada ya kuona karibu wote walikuwa raia kabisa. Pasipoti mpya ya mtu mzima ni dola 165, na ndo maana Wamarekani wengi tu hawana.

Kujiandikisha kuna ugumu gani?

Kwanza hamna anayekufuata na mashine ya alama za vidole kijijini kwenu kama tulivyozoea, ni juu yako. Pili ukihama nyumba unatakiwa kubadilisha anwani, na nani anahama sana? Mpangaji ambaye kodi imepanda. Tatu tarehe ya mwisho, majimbo mengine ni siku 30 kabla, wakati ambapo watu wengi ndo kwanza wanaanza kusikia majina ya wagombea. Kuna afadhali: majimbo kama 20 na Washington DC yanaruhusu kujiandikisha na kupiga kura kwa mkupuo mmoja, Minnesota wanafanya hivo tangu miaka ya 70, na kule hata kama huna bili yenye jina lako, jirani yako aliyejiandikisha kwenye eneo lilelile anaweza kuja kukudhamini kwa kiapo kwamba unaishi pale. North Dakota wao hawana kujiandikisha kabisa.

Jina langu lilikuwepo, safari hii halipo. Limeenda wapi?

Limefutwa. Madaftari lazima yasafishwe, watu wanakufa wanahama, hilo halina ubishi. Ugomvi ni namna ya kusafisha. Ohio walikuwa wakiona hujapiga kura miaka miwili wanakutumia kikadi kwa posta, usipokijibu na usipopiga kura miaka mingine minne unafutwa, na Mahakama ya Juu 2018 ikasema ruksa. Kikadi chenyewe kinafanana na matangazo ya pizza. Georgia Julai 2017 walifuta zaidi ya nusu milioni usiku mmoja.

Georgia tena ndo walikuwa na ile ya jina lazima lifanane herufi kwa herufi na rekodi za leseni au za Social Security, yani hifadhi ya jamii ya kule. 2018 maombi kama 53,000 yalikuwa yamekwama kwa sababu hiyo, karibu asilimia 70 ya Weusi kwa mujibu wa shirika la habari la AP, na msimamizi wa uchaguzi, Brian Kemp, alikuwa mwenyewe anagombea ugavana. Humo walikuwemo na kama 3,000 waliopata uraia juzi juzi ambao kompyuta ilikuwa bado inawaona wageni, ikabidi jaji aingilie siku chache kabla ya uchaguzi. Hii watu wetu wa Clarkston pale nje ya Atlanta waisome mara mbili. Mkongo aliyetoka kambini Nyarugusu, jina la ukoo limeandikwa mwanzo kwenye fomu ya wakimbizi na mwisho kwenye leseni, Mwamini kwingine Muamini, na siku ya kuzaliwa kapewa Januari 1 yeye na kaka zake wote. Cheki jina lako onlaini mwezi au miwili kabla, na ukitaka kujiandikisha nakili jina kama lilivyo kwenye leseni hata kama limekosewa, kurekebisha utarekebisha baadaye.

Kwa nini Jumanne, siku ya kazi?

Sheria ya 1845. Wakulima walihitaji siku ya kusafiri na mkokoteni bila kugusa Jumapili ya kanisa wala siku ya soko. Wakulima wameisha, Jumanne imebaki. Kenya nao wanapiga Jumanne ila inakuwa sikukuu, Tanzania 2015 tulipiga Jumapili, kule mtu anaingia shifti kama kawaida.

Bosi akininyima ruhusa?

Hamna sheria ya nchi nzima. Majimbo mengi yana ya kwao, mfano Minnesota, New York na Texas unaweza kupata muda wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, kwa masharti yao. Omba mapema, kwa meseji, ibaki ushahidi. Kama jimbo lako lina kupiga kura mapema nenda Jumamosi umalize.

Zile foleni ni za kweli au ni TV?

Za kweli. Uchaguzi wa mchujo wa 2016 kaunti ya Maricopa, yani Phoenix, vituo vilishuka kutoka 200 vya mwaka 2012 hadi 60, watu wakasimama mpaka masaa matano. Milwaukee, Aprili 2020 katikati ya korona, vituo 180 vikabaki vitano. Georgia Juni 2020 pale Union City, mji wenye Weusi wengi, mpiga kura wa mwisho alimaliza imeshapita saa sita usiku, na Oktoba siku ya kwanza ya kura za mapema kuna waliokaa mpaka masaa 11. Kwenye maeneo yaliyokuwa chini ya usimamizi wa sheria ya 1965, ripoti moja ya 2019 ilihesabu vituo 1,688 vilivyofungwa kati ya 2012 na 2018.

Kuna wachumi walichukua data za simu za uchaguzi wa 2016, waone simu imekaa kituoni muda gani, wakakuta mitaa ya Weusi watupu inasubiri asilimia 29 zaidi kuliko ya wazungu watupu.

Sasa piga hesabu ya mtu mmoja. Dada anafanya kazi nyumba ya wazee, shifti inaanza saa moja asubuhi inaisha saa tisa mchana, mtoto wa chekechea anatakiwa kuchukuliwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, ukichelewa wanachaji kwa dakika. Vituo vinafungwa saa moja jioni. Basi linapita kila baada ya dakika 40. Akifika kituoni saa kumi na robo akakuta foleni ya dakika 20 anapiga kura na anawahi, akikuta ya masaa mawili anageuka, na kwenye takwimu ataandikwa hakujitokeza. Anayekaa kitongoji cha wenye nacho anaingia na kutoka dakika sita na kistika chake cha "nimepiga kura" kifuani, alafu anauliza hawa watu kwa nini hawapigi kura.

Ukiwa umo kwenye foleni muda wa kufunga ukifika USITOKE. Una haki ya kupiga kura hata kama yamebaki masaa matatu.

Ni kweli Georgia kumpa mtu maji foleni ni kosa?

Kweli. Sheria ya 2021 ilikataza kugawa chakula au maji futi 150 kutoka jengo la kituo au futi 25 kutoka kwa mtu aliyepanga foleni. 2023 jaji alisimamisha hiyo ya futi 25, ya 150 ikabaki. Wasimamizi wanaweza kuweka maji watu wajichotee.

Kura ya posta si ndo suluhisho?

Kwa jimbo kama Oregon, ambako kila aliyejiandikisha anatumiwa karatasi nyumbani, ndio. Kwingine ina mitego yake. Pennsylvania karatasi ya kura inaingia bahasha ya siri, hiyo inaingia bahasha ya nje, unasaini na kuandika tarehe. Ukisahau bahasha ya ndani imekataliwa, na ukisahau tarehe, basi wameshashtakiana mahakamani miaka na miaka kuhusu hizo tarehe. Alabama unatakiwa na mashahidi wawili au mthibitishaji rasmi. Soma maelekezo yote, hata yale ya mgongoni mwa bahasha.

Aliyefungwa anapiga kura?

Inategemea jimbo kuliko kitu kingine chochote. Maine, Vermont na DC unapiga ukiwa ndani ya gereza. Mengi unarudishiwa ukitoka, Minnesota wamejiunga na kundi hilo 2023. Virginia ni mpaka gavana akurudishie mwenyewe. Shirika la Sentencing Project, linalofuatilia mambo ya magereza, walikadiria 2024 watu kama milioni 4 wamefungiwa kura kwa sababu ya makosa makubwa ya jinai, na wengi wao wako mtaani, wanafanya kazi na kulipa kodi. Kwa Weusi watu wazima ni mmoja kati ya 22.

Florida ndo darasa. Novemba 2018 wananchi wenyewe, karibu asilimia 65, walipitisha Marekebisho ya 4 ya katiba ya jimbo lao kurudisha haki kwa waliomaliza kifungo, ukiacha mauaji na makosa ya ngono, watu kama milioni 1.4. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likasema kumaliza kifungo maana yake umelipa na faini, ada za mahakama na fidia zote. Mtu katoka jela ana madeni ya maelfu ya dola, na mbaya zaidi hamna daftari moja la kuonyesha nani anadaiwa kiasi gani, kila kaunti na makaratasi yake, mengine ya miaka 30 nyuma. Jaji mmoja 2020 aliuita mfumo wa kulipa ndo upige kura, mahakama ya rufaa ikampindua mwaka huohuo. Alafu Agosti 2022 serikali ya jimbo ikatangaza kukamata watu 20 kwa kupiga kura bila haki, na kati yao walikuwemo waliokuwa wameletewa kadi za mpiga kura na ofisi za serikali hiyohiyo. Huyo alijuaje sasa?

Texas nako mama mmoja alijaza kura ya muda (ile inayowekwa pembeni mpaka wathibitishe kama una haki) 2016 akiwa bado kwenye uangalizi wa baada ya jela, kura haikuhesabiwa, akahukumiwa miaka mitano. 2024 mahakama ya rufaa ikamfutia hatia, upande wa mashtaka nao ukakata rufaa tena. Habari kama hiyo ikienea mtaani, hata wale wenye haki kabisa wanasema bora nikae nyumbani.

Na mahabusu ambaye hajahukumiwa?

Huyo kwa ujumla haki anayo, kakwama tu kwa kukosa hela ya dhamana, ila fomu atapata wapi na stempu atapata wapi. Chicago walitatua kirahisi, tangu 2020 jela ya kaunti ya Cook ni kituo cha kupigia kura.

Sina nyumba, nalala shelta au kwenye gari.

Unaruhusiwa. Tumia anwani ya shelta, au eleza unapolala, kona ya mtaa fulani na fulani, fomu ya kitaifa ina hadi sehemu ya kuchora ramani. Tatizo litabaki mahali pa kupokelea barua.

Wenyeji wa asili, wale Wahindi Wekundu, mbona nao wanatajwa?

Nchi ni yao na uraia walipewa 1924, Arizona na New Mexico wakaendelea kuwazuia kura hadi 1948. Leo shida ni anwani. Kwenye maeneo yao nyumba nyingi hazina namba wala jina la barabara, barua zinafika kwenye sanduku la posta mjini. North Dakota wakadai kitambulisho chenye anwani ya mtaa, na Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, makabila yakahangaika kuwapa watu wao anwani na kuwachapishia vitambulisho bure. 2020 jimbo likakubali mtu aonyeshe kwenye ramani anapoishi.

Mimi nina green card, naweza kupiga kura?

HAPANA, na usijiandikishe hata "kwa kujaribu". Asiye raia akipiga kura uchaguzi wa kitaifa ni jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Hatari kubwa iko kwenye ofisi ya leseni, karani anapitisha maswali haraka haraka na lile la kujiandikisha kupiga kura limo humohumo, wewe Kiingereza bado unaitikia yes yes. Fomu ya uraia, N-400, itakuuliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukiona umeandikishwa kwa bahati mbaya usijifutie kimya kimya, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Uraia wenyewe ni bei gani?

Tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi au 710 onlaini, wa kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe kabisa, uliza. Mke, mume na mama mkwe ni zaidi ya dola elfu mbili kabla hujalipa nauli ya usaili. Na kwa Mtanzania kuna bei nyingine, uraia pacha kwetu hakuna, ukiapa kule umeacha wa huku. Mkenya tangu katiba ya 2010 hana hilo tatizo.

Kiingereza changu kinasumbua, nifanyeje?

Sheria inalazimisha karatasi za lugha nyingine pale ambapo wasemaji ni wengi, ila tangu 1975 inataja Kihispania, lugha za Asia, za wenyeji wa asili na za Alaska tu. Kiswahili, Kisomali, Kiamhari hazimo hata mkiwa laki moja kwenye kaunti moja. Ila kifungu cha 208 cha sheria ileile kinakupa haki ya kuingia na mtu wa kukusaidia kama husomi Kiingereza, mtoto wako, rafiki, mtu wa kanisani, yoyote unayemtaka isipokuwa mwajiri wako au mwakilishi wake, au wa chama chako cha wafanyakazi. Msimamizi akigoma mwambie "section 208", watamuita mkubwa wao.

Nimefika kituoni wananiambia siko kwenye daftari.

Uliza kwanza kama kituo ndo hicho, vinahamishwa sana. Kama ndo chenyewe na hakuna kujiandikisha papohapo, omba "provisional ballot", ile kura ya muda. Sheria ya 2002 inakupa hiyo haki karibu majimbo yote, wanaiweka pembeni mpaka wathibitishe. Wakupe karatasi ya kufuatilia, na uliza una siku ngapi za kuleta kinachokosekana. Sharti ni uwe na uhakika kwamba una haki, kumbuka yule mama wa Texas. Kuna namba ya bure ya mawakili wa kujitolea, 866-687-8683, piga ukiwa bado hapohapo.

Nikikosea kujaza?

Usifute futa. Irudishe kabla hujaiingiza kwenye mashine, wanaiharibu wanakupa nyingine.